Picha Moja, Vipimo Vitatu: Namna ya Kuandaa Picha kwa Tovuti na kwa Karatasi

Katika maduka ya steshenari na uchapaji ya Mwanjelwa na Kabwe, jijini Mbeya, yako mazungumzo yasiyokwisha kati ya mteja na kijana anayeshughulika na kompyuta. Mteja huleta picha iliyo ndani ya simu na kuomba itolewe kwenye kalenda au bango, kijana huifungua, huisogeza karibu, kisha husema, "Mama, hii picha ni ndogo, itatoka na ukungu." Mteja naye hujibu, na mshangao wake ni wa haki: "Ndogo vipi, mwanangu, mbona hapa kwenye simu imejaa kioo kizima?" Wote wawili wanasema kweli, na bado hawaelewani, kwa sababu kila mmoja anapima kitu tofauti na mwenzake.

Picha ya kidijitali ina vipimo vitatu. Kipo kipimo cha pikseli, yaani idadi ya vitone vya rangi vilivyopangwa kwa safu na mistari kuijenga picha hiyo. Kipo kipimo cha sentimita au inchi, yaani eneo ambalo picha itachukua ikishawekwa kwenye karatasi, turubai au kioo. Na kipo kipimo cha uzito, yaani kilobaiti au megabaiti ambazo faili hula kwenye simu na kwenye bando. Makosa mengi yanayofanywa katika kupunguza na kukuza picha hutokana na mtu kugusa kipimo kimoja huku akidhani anagusa kingine, na kwa hiyo inafaa kuvitenganisha kwa kuifuata picha moja katika matumizi yake yote.

Tuseme ni picha ya mashamba ya chai ya Tukuyu, Mlima Rungwe ukiwa nyuma, iliyopigwa kwa simu yenye kamera ya megapikseli 12. Picha ya namna hiyo kwa kawaida huwa na pikseli 4,000 kwa upana na 3,000 kwa urefu, jumla milioni 12. Mwenye nyumba ya wageni anataka kuitumia mahali patatu: kwenye tovuti yake, kwenye kalenda ya A4 ya kutundika ukutani, na kwenye bango la upana wa mita tatu litakalosimama kando ya barabara iendayo Kyela.

Pikseli na karatasi

Pikseli yenyewe haina sentimita. Ni kumbukumbu ya rangi tu: namba tatu, kila moja kati ya 0 na 255, zinazoeleza kiasi cha nyekundu, kijani na bluu mahali hapo. Mwaka 1957 Russell Kirsch na wenzake katika ofisi ya taifa ya viwango ya Marekani waliingiza picha kwenye kompyuta kwa skana waliyoiunda wenyewe. Ilikuwa sura ya mtoto wake mchanga, Walden, yenye pikseli 176 kwa 176, yaani zisizofika 31,000 kwa jumla. Sura hiyo ikichapwa kwa upana wa sentimita moja na nusu, jicho halitaviona vitone vyake. Ikitandazwa kwenye upana wote wa karatasi ya A4, kila pikseli itageuka mraba unaozidi milimita moja, na hakuna atakayehitaji miwani kuihesabu. Idadi ya pikseli ni ile ile katika hali zote mbili. Kilichobadilika ni msongamano wake, kama vile gunia moja la mbegu za viazi kule Njombe likipandwa kwenye ekari mbili badala ya moja: mashina hayaongezeki, nafasi kati yake ndiyo inayopanuka.

Msongamano huo huhesabiwa kwa idadi ya pikseli katika inchi moja, na inchi moja ni sentimita 2.54. Anayetaka kuujua hugawanya pikseli za upana wa picha kwa inchi za upana wa karatasi. A4 iliyolazwa ina upana wa milimita 297, ambazo ni inchi 11.69, na kwa hiyo picha yetu ya pikseli 4,000 itapata pikseli 342 katika kila inchi. Ikipelekwa kwenye A3, yenye upana wa milimita 420, itapata 242. Ikipelekwa kwenye bango la mita tatu itabakiwa na pikseli 34 tu kwa inchi, na hapa ndipo wengi hushtuka, kwa kuwa wameshaambiwa kwamba picha ya kuchapwa lazima iwe na 300.

Namba hiyo ya 300 hutajwa kama amri, na ni nadra mtu kuelezwa ilikotoka. Inatoka kwenye jicho. Jicho lenye uwezo wa kawaida hutenganisha vitu viwili iwapo pembe iliyo kati yao inafika takriban sehemu moja ya 60 ya digrii. Kutokana na pembe hiyo inapatikana hesabu ambayo kila mwenye duka la uchapaji angefaa kuibandika ukutani: gawanya 8,700 kwa umbali wa mtazamaji kwa sentimita, na jibu ni idadi ya pikseli kwa inchi ambazo jicho linaweza kuzifaidi. Kitabu au kadi inayoshikwa mkononi husomwa kwa umbali wa sentimita 30, na jibu lake ni 290, karibu kabisa na 300. Kalenda inayotazamwa kwa umbali wa sentimita 60 inahitaji 145. Bango linalosomwa kwa umbali wa mita tatu linahitaji 29, na linalosomwa kutoka ng'ambo ya barabara, mita kumi, linahitaji zisizozidi tisa. Picha yetu yenye pikseli 34 kwa inchi inalitosha bango hilo hata kwa anayesimama mbele yake kwa umbali wa mita tatu.

Sababu ya pili ya 300 inatoka kwenye mashine. Mashine za ofseti, zile kubwa za kuchapa nakala nyingi kwa mkupuo, huchapa picha kwa nukta za wino zilizopangwa kwa mistari, na kazi nzuri ya majarida ya rangi na vitabu mara nyingi hutumia mistari 150 kwa inchi. Desturi ya wachapaji ni kutoa pikseli mbili kwa kila mstari, na hapo tena inapatikana 300. Namba kubwa zinazoandikwa kwenye maboksi ya printa, kama 1,200 au 2,400, zinahesabu matone ya wino ambayo mashine inaweza kuyadondosha katika inchi moja, na matone mengi huhitajika ili kujenga rangi ya pikseli moja. Hakuna sababu ya mteja kutafuta picha yenye pikseli 1,200 kwa inchi kwa kuwa tu printa imeandikwa hivyo.

Sasa turudi kwa mama na kijana wa dukani. Programu za kutumiana ujumbe, WhatsApp ikiwamo, hupunguza pikseli na kulibana faili kabla ya kulituma, isipokuwa pale mtumaji anapochagua kuituma picha kama hati. Tuseme nakala iliyofika dukani ina pikseli 1,600 kwa upana. Kwenye simu inajaza kioo, kwa sababu vioo vingi vya simu vina pikseli 1,080 hivi kwa upana. Kwenye kalenda ya A4 iliyolazwa itatoa pikseli 137 kwa inchi, na mtu akiisogelea kusoma tarehe ataona kwamba majani ya chai yamegeuka kuwa utando wa kijani. Kwenye bango la mita tatu itatoa 13 au 14, ambazo zinamtosha mtu aliye umbali wa mita sita na nusu, yaani dereva na abiria wake. Kwa maneno mengine, nakala iliyobanwa inaweza kulifaa bango kubwa kuliko inavyoifaa kalenda ndogo, jambo ambalo huonekana kama kinyume cha akili mpaka umbali uingizwe kwenye hesabu. Pamoja na hayo, ushauri wangu ni mmoja: mpelekee mchapaji faili lenyewe kwa waya, kwa kadi au kama hati, kwa sababu kubanwa kule kunaacha madoa ambayo bango huyakuza pamoja na picha.

Jambo jingine linalotokea kwenye karatasi ni tofauti ya uwiano. Picha ya simu mara nyingi ni nne kwa tatu, ilhali karatasi za familia ya A zina uwiano wa 1.414 kwa moja. Picha ya 4,000 kwa 3,000 haiwezi kuijaza A4 bila kukatwa hadi 4,000 kwa 2,828, na pikseli 172 za urefu lazima zitoke juu au chini. Anayekataa kukata na badala yake akaivuta picha ijae, hunenepesha nyuso za watu na kuushusha Mlima Rungwe. Kukata ni uamuzi wa mwenye picha, naye aufanye yeye mwenyewe kabla ya kufika dukani, akikumbuka kuacha milimita tatu za ziada kila upande ambazo zitaondoka kwenye mkasi wa mashine.

Namba isiyobadili kitu

Wapo wanaofundisha kwamba picha ya mtandaoni ni ya 72 na picha ya kuchapwa ni ya 300, kana kwamba namba hizo ni aina mbili za picha. Ndani ya faili kweli mna mahali pa kuandika pikseli kwa inchi, lakini maandishi hayo ni maelekezo tu kwa programu ya kuchapa. Picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000 iliyoandikwa 72 na ile ile iliyoandikwa 300 zitaonekana sawasawa kwenye simu, zitakuwa na uzito ule ule, na zikiwekwa kwenye A4 zitatoka bila tofauti yoyote. Namba 72 ilitokana na kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984, ambayo kioo chake cha pikseli 512 kwa 342 kilikuwa na pikseli 72 hivi katika kila inchi. Simu nyingi za leo zinazidi 300, na nyingine zinapita 400.

Mkanganyiko huu una gharama halisi. Mtu anaombwa picha ya 300, anafungua programu, anafuta 72 na kuandika 300, kisha anaituma akiamini ameiboresha. Kama programu imeachwa iongeze pikseli, itazibuni. Kama imezuiwa, haijagusa hata pikseli moja. Programu ya GIMP, ambayo haiuzwi na inafanya kazi hata kwenye kompyuta za kawaida, imeitenga kazi hii katika amri mbili, moja ya kubadili idadi ya pikseli na nyingine ya kubadili ukubwa wa picha kwenye karatasi, na utengano huo peke yake unamfundisha mtumiaji zaidi kuliko maelezo mengi. Mchapaji anayetaka kueleweka na wateja wake asiombe "picha ya 300"; aseme anahitaji angalau pikseli 3,508 kwa 2,480 kwa A4, au 4,961 kwa 3,508 kwa A3, na mteja ataweza kuzihakiki namba hizo kwenye maelezo ya picha ndani ya simu yake.

Kwenye tovuti, uzito ndio unaotawala

Picha yetu ya Tukuyu, kabla ya kubanwa, ina baiti tatu kwa kila pikseli, yaani megabaiti 36. Simu huihifadhi kwa muundo wa JPEG na kuifikisha kwenye megabaiti nne hivi. Kwa karatasi, hilo halimsumbui mtu. Kwa tovuti ni mzigo. Mgeni anayetafuta malazi akiwa njiani kutoka Iringa, kwenye mtandao wa megabiti mbili kwa sekunde (megabaiti moja ni megabiti nane), atasubiri sekunde 16 kwa picha hiyo moja. Ukurasa wenye picha 12 za namna hiyo utamchukua zaidi ya dakika tatu na kumlia megabaiti 48, karibu sehemu moja ya kumi ya bando la megabaiti 500. Ni dhahiri kwamba ataondoka kabla ya kuuona mlima. Ukurasa huo huo wenye picha za pikseli 1,200 kwa upana, kila moja ikiwa na kilobaiti 200 hivi, utafunguka kwa sekunde kumi zikiwamo picha zote, na zile za juu zitaonekana mara moja.

Mmiliki wa tovuti mara nyingi hajui kwamba kosa lipo, kwa sababu kwake picha inaonekana ndogo. Ameipakia ikiwa na pikseli 4,000, kisha ameburuta kona yake mpaka ikawa na upana wa pikseli 400 kwenye ukurasa. Kivinjari hupakua pikseli zote milioni 12 na ndipo kizifinye. Hali ni hiyo hiyo kwenye Word: mwanafunzi au afisa wa mradi anayeandika ripoti na kuburuta kona za picha 15 hushangaa faili kufika megabaiti 60, ilhali kwenye karatasi picha zinaonekana ndogo kama kadi za mwaliko. Hata sehemu aliyoikata ndani ya Word kwa kawaida hubaki imefichwa ndani ya faili mpaka aiamuru programu ibane picha na kufuta sehemu zilizokatwa, na hilo ni jambo la kuzingatia kwa yeyote aliyekata picha ili kuficha sura ya mtoto au namba ya kitambulisho.

Kwa simu nyingi, pikseli 1,080 hadi 1,200 za upana zinatosha. Kwa picha inayofunika kioo chote cha kompyuta, 1,920 ni kiasi cha kutosha. Anayetengeneza tovuti kwa uangalifu huandaa nakala tatu au nne za picha moja na kukiachia kivinjari kichague inayolingana na kioo.

Kinachotokea pikseli zinapopunguzwa

Kupunguza picha kutoka pikseli 4,000 hadi 1,000 za upana ni kuagiza kila kundi la pikseli 16 liwakilishwe na moja. Swali ni namna ya kumpata mwakilishi. Njia ya haraka ni kuchukua pikseli moja na kuzitupa 15, na ubaya wake unaonekana vizuri kwenye picha za Mbeya zilizopigwa kutoka kwenye miinuko ya Loleza kuelekea mjini. Mapaa ya bati yana mistari myembamba ya migongo, na kamera yenye pikseli nyingi imeikamata yote. Programu inapochukua kila pikseli ya nne, mara inaangukia kwenye mgongo wa bati wenye mwanga, mara kwenye bonde lenye kivuli, na kwa kuwa hatua zake hazilingani na hatua za migongo, mabati yanageuka kuwa mawimbi mapana ambayo hayapo kwenye paa lolote la mji huo. Kitenge chenye mistari myembamba na mikeka iliyosukwa kwa kubana hupatwa na jambo hilo hilo.

Njia iliyo sahihi ni kuchanganya thamani za pikseli jirani kwa uzito maalumu. Katika programu nyingi zipo chaguo kadhaa: ya mstari, inayoangalia pikseli nne za jirani, ya kiyubiki, inayoangalia 16, na ile inayoitwa kwa jina la mwanahisabati Cornelius Lanczos, inayoangalia zaidi ya hapo. Kwa kupunguza picha za kawaida, kiyubiki au Lanczos zitafaa. Kuchukua pikseli moja na kutupa nyingine kunafaa tu kwa michoro inayotakiwa kubaki na kingo za mraba, kama alama za kuskani. Kwa kuwa uchanganyaji hulainisha kingo, picha iliyopunguzwa huhitaji kunolewa kidogo, yaani kuongezewa ukali wa kingo, na kunoa huko kufanyike mwisho kabisa, picha ikiwa imeshafika kwenye ukubwa itakaotumika, kwa sababu kunoa kunakofaa kwa pikseli 4,000 hupotea kwenye 1,000, na kinyume chake huacha weupe unaong'aa kuzunguka kila kitu.

Baada ya kupunguza ndipo kunafuata kubana. JPEG, muundo uliokubaliwa kuwa kiwango mwaka 1992, huigawa picha katika miraba ya pikseli nane kwa nane, hueleza kila mraba kwa mawimbi ya mwanga na giza, kisha hutupa yale mawimbi madogo ambayo jicho huyakosa kwa urahisi. Kwenye mawingu ya Rungwe upotevu huo hauonekani. Kwenye kibao cheupe chenye herufi nyeusi unaonekana waziwazi: sogeza picha karibu, na kandokando ya kila herufi utakuta vumbi la kijivu linaloishia ghafla kwenye ukingo wa mraba usioonekana. Kwa sababu hiyo maandishi, nembo, ramani na picha za kioo cha kompyuta zihifadhiwe kwa PNG, muundo wa mwaka 1996 ambao haupotezi kitu. Na nembo ya biashara, ikiwezekana, ibaki katika mchoro wa vekta, ambao hauna pikseli na hukuzwa kufikia ukubwa wowote. WebP, iliyoletwa na Google mwaka 2010, hutoa faili jepesi kuliko JPEG kwa ubora unaokaribiana na sasa husomwa na vivinjari vyote vikubwa, ingawa si kila duka la uchapaji litaipokea.

Kila mara JPEG inapofunguliwa, ikabadilishwa na kuhifadhiwa tena, utupaji ule hurudiwa. Picha iliyohifadhiwa na kutumwa upya kwenye magrupu matano ya harusi huenda imekwisha kubanwa mara tano. Faili la kwanza kutoka kwenye kamera lihifadhiwe bila kuguswa, na kila nakala ya tovuti, ya kalenda na ya bango itengenezwe kutoka kwenye hilo, isitengenezwe kutoka kwenye nakala nyingine.

Mpangilio huu wa kazi, yaani kukata, kisha kupunguza pikseli, kisha kubana, unawasaidia zaidi wanaojaza fomu za maombi mtandaoni, ambazo nyingi huweka kikomo cha uzito wa picha. Mwombaji ana picha ya pasipoti ya pikseli 3,000 kwa 4,000 na anaambiwa isizidi kilobaiti 100. Akishusha ubora wa JPEG peke yake mpaka afike huko, uso wake utakuwa viraka vya miraba. Picha ya milimita 35 kwa 45 kwa msongamano wa 300 inahitaji pikseli 413 kwa 531 tu. Akiikata kwanza kwa uwiano huo na kuipunguza hadi namba hizo, kwa kawaida ataingia chini ya kikomo huku uso ukiwa safi.

Kukuza

Kuongeza pikseli ni jambo la asili nyingine. Picha ikiongezwa mara mbili kwa upana na mara mbili kwa urefu, robo tatu ya pikseli za picha mpya ni makisio ya hesabu. Njia za kawaida hukisia kwa kulainisha, na matokeo yake ni picha kubwa isiyo na ukali. Programu mpya za akili unde hukisia kwa kujaza maelezo yanayofanana na yale zilizojifunza kwenye picha nyingine, na ndiyo maana matokeo yake huvutia na hudanganya kwa wakati mmoja. Kwa mandhari ya kalenda hilo linavumilika, kwa kuwa hakuna atakayedai jani fulani la chai halikuwepo. Kwa picha ya marehemu babu, kwa hati, au kwa picha ya utafiti, halivumiliki, na hapa nasema bila kusita: uso uliojazwa na mashine ni uso wa mtu mwingine aliyefanana na babu. Tumbili kipunji, anayeishi kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone na pia Ndundulu katika Milima ya Udzungwa, alielezwa kisayansi mwaka 2005 kwa kuegemea picha, bila kumuua mnyama. Kishungi cha kichwani na weupe wa ncha ya mkia vilikuwa ushahidi. Ushahidi wa namna hiyo hautoki kwenye pikseli zilizokisiwa.

Kwa picha za zamani za karatasi, dawa ni kuskani upya kwa msongamano wa kutosha badala ya kukuza faili dogo. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ikiskaniwa kwa 600 hutoa pikseli 2,362 kwa 3,543, karibu kabisa na zile 2,480 kwa 3,508 zinazohitajika kwa A4. Ikiskaniwa kwa 300 itatosha kuchapwa tena kwa ukubwa wake ule ule, na si zaidi.

Kuhusu rangi, maneno machache yatatosha. Kioo hujenga rangi kwa mwanga wa nyekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa huijenga kwa wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, na wino hauwezi kufikia baadhi ya rangi zinazong'aa kwenye mwanga. Kijani kibichi cha chai ya Tukuyu asubuhi ni mojawapo ya rangi hizo, na mteja aelezwe mapema kwamba itatulia kidogo kwenye karatasi. Faili la tovuti liachwe katika sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa vioo na mtandao, na kwa kazi ya kuchapa mchapaji aulizwe kama anataka ageuze rangi yeye mwenyewe. Wengi hupendelea hivyo, kwa kuwa wao ndio wanaojua wino na karatasi zao.

Kabla ya kulipia bango, lipo jaribio la gharama ya karatasi moja. Kata kutoka kwenye picha kipande chenye upana wa pikseli 267, kikiwa na sehemu muhimu kama maandishi au uso, na uchape kwa upana wa sentimita 20 kwenye A4. Kwa picha ya pikseli 4,000 inayokwenda kwenye bango la mita tatu, hicho ndicho kipande halisi cha bango hilo kwa ukubwa wake halisi. Kibandike ukutani, hesabu hatua mpaka umbali ambao wapita njia watasimama, na ukitazame kutoka hapo. Kikisomeka bila kukunja macho, bango linaweza kuchapwa. Kisiposomeka, irudiwe picha au lipunguzwe bango.